Ng'ombe wa Jamhuri Park Hutoa Maziwa, Gemu za Maonyesho Hutoa Trela

Jamani, nimechoka. Kila Juni ikifika ni yale yale. Huku kwetu ni saa sita usiku, kule Los Angeles ni mchana kweupe. Taa zinazimwa, muziki mzito unaanza, na mtu mwenye raba nyeupe na jaketi la bei mbaya anapanda jukwaani kutuambia kwamba tutakachokiona leo hatujawahi kukiona tangu tuzaliwe. Halafu tunaonyeshwa nembo. Nembo, violini, na maneno "inakuja karibuni". Watu ukumbini wanapiga mayowe kama wameshinda bahati nasibu.

Mimi naandika programu kupata riziki, na gemu ndizo zilizonivuta hadi nikasomea sayansi ya kompyuta. Kwa hiyo msiniambie kwamba sipendi gemu. Nazipenda sana, ndiyo maana nina hasira. Marafiki wananiambia nimezeeka, eti mtu akikaribia miaka thelathini hasisimki tena. Si kweli! Nikipewa kitu cha kusisimua nasisimka vizuri tu. Hoja yangu ni kwamba kutosisimka ndilo jibu sahihi la mtu mwenye akili zake anayeonyeshwa ahadi huku akiambiwa ni bidhaa.

Hebu tulinganishe na kitu tunachokijua. Ukienda Jamhuri Park kwenye maonyesho ya ASK, unamkuta fahali amesimama pale, ana kamba shingoni na anakula majani. Unaweza kumgusa. Unaweza kumuuliza mwenyewe anamlisha nini, na kama ni ng'ombe wa maziwa, anatoa lita ngapi kwa siku. Hakuna mkulima atakayekuwekea skrini kubwa, apige violini, kisha akwambie kwamba ng'ombe huyu atazaliwa mwaka 2031 na kwamba unaweza kulipia maziwa kuanzia leo. Akijaribu, watu watacheka hadi barabara ya Ngong. Lakini kwenye gemu mtu huyo huyo anapigiwa makofi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo

Maonyesho ya E3 yalianza Los Angeles mwaka 1995, na yalikuwa maonyesho ya biashara kwa maana kamili ya neno hilo. Wenye maduka walikwenda kuangalia bidhaa ili waamue wataagiza nini kabla ya Krismasi. Mwaka huo wa kwanza Sega walitangaza kwamba konsoli yao ya Saturn tayari ilikuwa madukani Marekani kwa dola 399. Baadaye mtu wa Sony, Steve Race, akapanda jukwaani, akataja nambari moja tu, 299, akashuka. Ndiyo ilikuwa bei ya PlayStation, na Septemba mwaka huo huo ikaanza kuuzwa kwa bei hiyo hiyo.

Angalieni vizuri tangazo hilo lilikuwa na nini: kitu kilichopo na bei. Halikuwa na violini, na miaka thelathini baadaye watu bado wanalisimulia.

Kilichobadilika ni nani anaangalia. Intaneti ilipokuwa na kasi ya kutosha kurusha video moja kwa moja, mwenye duka hakuwa na maana tena. Mtazamaji sasa ni wewe, na wewe huagizi makontena, wewe unatoa hamu. Nintendo walianza vipindi vyao vya Nintendo Direct mwaka 2011, na mwaka 2013 wakaacha mkutano mkubwa wa jukwaani E3. Mwaka 2017 E3 ikaanza kuuzia wananchi wa kawaida tiketi. Mwaka 2019 Sony hawakwenda kabisa. Ikaja korona, na Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kwamba E3 imekufa rasmi.

Lakini tabia haikufa naye marehemu. Ilihamia kwenye vipindi vya kampuni zenyewe na kwenye Summer Game Fest, iliyoanza mwaka 2020. Jarida la Esquire liliripoti mwaka 2024 kwamba trela ya dakika moja kwenye kipindi hicho ililipiwa dola 250,000. Soma tena nambari hiyo. Tunakesha kutazama matangazo ya biashara, na hata hatupumzishwi na kipindi katikati!

Jinsi uongo unavyotengenezwa

Hapa naomba nivae kofia ya kazi yangu kidogo, kwa sababu ukielewa hesabu hii hutadanganywa tena kirahisi.

Gemu inayokwenda kwa picha 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu za kutengeneza kila picha. Ndani ya muda huo mashine isome vidole vyako, ihesabu adui anakwenda wapi, isogeze risasi, ichore mwanga na vivuli, itoe sauti. Ikiwa ni picha 30 kwa sekunde, unapata milisekunde 33.3. Basi. Hakuna kukopa.

Video iliyochorwa mapema haina mipaka hiyo. Kompyuta inaweza kukaa saa nzima, hata saa kadhaa, ikichora picha moja. Ukizipanga picha hizo kwenye video zitapita laini kabisa, na mtazamaji hana njia ya kujua kama picha aliyoiona ilichukua milisekunde 16 au saa tano.

Mwaka 2005 Sony walionyesha hivyo hivyo. PlayStation 3 ilikuwa haijatoka, nao wakaleta video ya Killzone ya kuacha watu midomo wazi: moshi, milipuko, askari wanaohema. Watu waliamini wanaona gemu ikichezwa. Ilikuwa video iliyochorwa mapema. Killzone 2 yenyewe ilitoka Februari 2009, na kusema kweli ilikuwa gemu nzuri. Lakini aliyenunua konsoli kwa sababu ya video ile alisubiri karibu miaka minne kujua alinunua nini. Na konsoli hiyo mwaka 2006 ilitangaziwa bei ya dola 499, na dola 599 kwa ile yenye diski kubwa.

Siku hizi wamekuwa wajanja. Hawasemi "hii ni gemu inachezwa". Wanaandika kwa herufi ndogo pale chini kwamba picha zimetoka kwenye injini ya gemu. Mtu asiye wa fani anaona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Injini ni kifaa cha kuchorea tu. Naweza kuichukua injini hiyo hiyo, nikaweka kamera pembe moja nzuri, nikaondoa adui wote isipokuwa watatu, nikaendesha kwenye kompyuta ambayo haiuzwi dukani, na bado maandishi yangu yakawa kweli. Ni kweli ya wakili.

Halafu kuna kile tunachoweza kukiita kipande cha keki. Timu inachukua dakika kumi za gemu na kuzimaliza kabisa, kuanzia sauti hadi mwanga, huku sehemu nyingine yote ikiwa bado michoro ya karatasi. Kipande hicho kina kazi halali: kinasaidia timu kuona kama wazo linafaa, na kumshawishi mwenye pesa. Kila mtu kwenye fani yetu anaijua mbinu hii. Hata programu ya ofisi huonyeshwa mteja ikiwa na majina matano yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo, kwa sababu hifadhidata haijaunganishwa. Lakini mteja wa ofisi ana mkataba, ana tarehe, na malipo ya mwisho bado yako mfukoni mwake. Shabiki wa gemu hana mkataba wala wakili, ana hamu peke yake.

Mfano mzuri ni Watch Dogs. Ubisoft waliionyesha E3 mwaka 2012, na mvua ile ya usiku mjini Chicago ilitufanya tuone konsoli zetu zote ni takataka. Ilipotoka Mei 2014, mwanga na upepo ule havikuwepo. Kisha wapekuzi wa mafaili wakafungua toleo la kompyuta na kukuta mipangilio ya michoro iliyofanana na ile ya maonyesho imebaki humo ndani, imezimwa. Sitaki kubishana kama kuizima kulikuwa na sababu ya kiufundi, huenda ilikuwepo. Ninachosema ni kwamba kilichoonyeshwa na kilichouzwa ni vitu viwili, na pesa zilitolewa kwa kimoja zikanunua kingine.

Kaburi la nembo

Video ya uongo angalau ni kazi. Mbaya zaidi ni pale ambapo hata uongo wenyewe haujatengenezwa.

Mwaka 2017 Nintendo walionyesha nembo ya Metroid Prime 4. Nembo tu. Januari 2019 wakatangaza kwamba kazi inaanza upya na timu nyingine, Retro Studios. Gemu ikatoka Desemba 2025. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ya nembo ile alikuwa ameshamaliza shule ya msingi.

Mwaka 2018 Bethesda wakatuonyesha milima kwa sekunde zisizofika 40 na jina The Elder Scrolls VI. Watu walilia machozi ya furaha kwa ajili ya milima. Hadi naandika haya, milima ni ile ile.

Mwaka 2009 Microsoft walileta Milo, mvulana wa kwenye skrini ambaye eti angekutazama usoni na kuzungumza nawe kupitia kamera ya Kinect. Hakuuzwa kamwe.

Na kuna hii inayoniuma zaidi. Desemba 2020 Microsoft walitangaza Perfect Dark mpya. Juni 2024 wakaonyesha video ya mchezo unavyochezwa, watu wakashangilia. Julai 2025 gemu ikafutwa, studio iliyokuwa inaitengeneza ikafungwa, katika wimbi lile lile la Microsoft kupunguza wafanyakazi wapatao 9,000. Everwild nayo, iliyotangazwa mwaka 2019, ikafutwa wakati huo huo.

Sasa fikiria uko ndani ya timu kama hizo. Mimi nafikiria, kwa sababu ni kazi inayofanana na yangu. Kuandaa onyesho moja kubwa kunakula wiki nyingi za watu kurekebisha vitu ambavyo havitaingia kwenye gemu. Milango inayofunguka mara moja tu. Adui anayeanguka mahali palepale kila mara. Hitilafu za kweli zinawekwa kando kwa sababu jukwaani hazitaonekana. Ukimaliza, makofi yanakwenda kwa mwenye raba nyeupe. Kazi ikifutwa, barua inakuja kwako.

"Lakini si ni burudani tu?"

Najua hoja zenu, nimezisikia zote.

Ya kwanza: hakuna aliyekulazimisha kuamini. Kweli, lakini mfumo mzima umejengwa uamini kwa pesa. Mwaka 2019 Keanu Reeves alipanda jukwaani kutangaza kwamba Cyberpunk 2077 itatoka tarehe 16 Aprili 2020. Ukumbi ukapasuka. Tarehe ikasogezwa mara tatu, ikatoka Desemba 2020, na kwa konsoli za zamani ilikuwa aibu hata Sony wakaiondoa dukani kwao mwezi huo huo. Ilirudi Juni 2021. Kampuni ilikuwa imeshapata maagizo ya mapema milioni 8. Watu milioni 8 walinunua tangazo! Baadaye gemu ilitengenezwa ikawa nzuri sana, nakubali, lakini walioifadhili kwa shida ni wale wa mwanzo, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa wafadhili.

Ya pili: gemu huchukua miaka mingi, lazima watangaze mapema. Kwa nini lazima? Fallout 4 ilitangazwa Juni 2015, ikatoka Novemba mwaka huo huo. Apex Legends ilitangazwa na kutoka siku moja, 4 Februari 2019. Hi-Fi Rush vilevile, Januari 2023. Clair Obscur: Expedition 33 ya Wafaransa ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Juni 2024, ikatoka Aprili 2025, na Desemba ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka. Hakuna iliyokufa kwa kukosa miaka saba ya violini.

Ya tatu, na hii ndiyo yenye uzito: Silksong. Ilitangazwa mwaka 2019, tukasubiri hadi Septemba 2025, na hatukukasirika. Sawa. Lakini ile ni timu ndogo sana ya Australia. Mwaka ule ule wa 2019 waliruhusu watu waicheze kwa mikono yao, na ilipokuwa tayari walitoa taarifa ya wiki mbili tu, wakaiuza dola 20. Walichelewa, ndiyo, lakini hawakuchukua pesa yangu kwa ajili ya mlima.

Na sisi je?

Hapa ndipo ninapotaka Mkenya mwenzangu asikie vizuri, kwa sababu makofi ya Los Angeles huwa tunayapiga na sisi, wakati jukwaa lile halituoni.

Gemu kubwa siku hizi inauzwa dola 70. Huo ni mshahara wa siku nyingi kwa watu wengi mtaani kwetu. Halafu kuna kupakua. Gemu ya gigabaiti 100 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua saa 22 na zaidi, kama hakuna mtu mwingine nyumbani anayetumia intaneti na kama stima haijapotea. Trela haisemi habari hizo.

Na wakati mwingine hata ukiwa na pesa na subira, huhesabiwi. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation. Watu walikuwa wameshainunua tangu Februari. Ikabidi gemu iondolewe sokoni kwenye Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170, kwa sababu huko hakuna huduma rasmi ya akaunti hizo. Kenya ikiwemo. Walirudi nyuma baada ya siku chache kwa sababu wachezaji wa dunia nzima walipiga kelele, na mkumbuke hilo kwa makini: kilichosaidia ni kelele za wanunuzi, hakikuwa kipengele chochote cha maonyesho. Wakenya wengi wenye PlayStation hujisajili kama watu wa nchi nyingine ili waweze kununua. Fikiria, unamdanganya muuzaji unaishi wapi ili akubali kuchukua pesa zako!

Ndiyo maana sioni sababu ya kukesha nikishangilia. Anayeuza ahadi kwa mtu ambaye hata duka hajamfungulia anapaswa kuulizwa maswali, na maswali yenyewe ni haya. Yaandikeni mahali:

1. Kuna mtu anaicheza moja kwa moja, au ni video?
2. Inaendeshwa na mashine gani? Ile inayouzwa dukani, au kompyuta ya siri nyuma ya pazia?
3. Inatoka tarehe gani? "Karibuni" si tarehe. Mwaka peke yake si tarehe.
4. Bei ni ngapi, na inauzwa Kenya kwa njia halali?
5. Ni gigabaiti ngapi, na inahitaji intaneti kila wakati hata ukicheza peke yako?
6. Seva zikizimwa, ninabaki na nini? Concord ya Sony ilitoka 23 Agosti 2024, ikafungwa 6 Septemba. Wiki mbili! Wanunuzi walirudishiwa pesa, lakini gemu haipo tena.

Tangazo lisilojibu hata matatu kati ya haya halistahili saa sita yangu ya usiku, na halistahili hata senti ya agizo la mapema. Gemu za kidijitali haziishi dukani kama unga wakati wa uhaba. Kesho itakuwepo, keshokutwa itakuwepo, na mara nyingi itakuwa na hitilafu chache na bei ya chini. Kuagiza mapema faili ambalo haliwezi kuisha ni kumkopesha tajiri bila riba.

Muda utakaookoa, utumie kutafuta gemu zilizopo. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, wageni wa anga za mbali wanavamia jiji letu hili hili, na ilikuwa gemu unayoweza kuipakua na kuicheza. Nyamakop wa Johannesburg walitoa Semblance mwaka 2018. Zina kasoro? Zikosoe! Gemu iliyopo unaweza kuikosoa, mtengenezaji akakusikia akarekebisha. Nembo huwezi kuikosoa, kwa sababu haijafanya kosa lolote bado. Ndiyo siri yake kubwa, na ndiyo maana wanaipenda.

Basi Juni ijayo wakizima taa, mimi nitakuwa nimelala. Asubuhi nitasoma orodha ya vilivyotangazwa, nitafuta kila kisicho na tarehe, na nitakachobaki nacho kitatosha kusomwa kabla matatu haijafika stendi. Mkitaka kubishana, njooni na gemu iliyopo.